Binti yangu anafungua kila redio: nimpeleke darasa la roboti?

"Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka kumi, yuko darasa la tano hapa Morogoro. Tangu mdogo anapenda kufungua vitu. Redio ya babu yake ameifungua, tochi mbili amezifungua, na mwezi uliopita nilimkuta na bisibisi anahangaika na chaja ya simu aliyoichomoa ukutani muda uleule. Nilimchapa, kisha nikajuta. Mjini kwetu kimefunguliwa kituo kinachofundisha watoto roboti na kompyuta kila Jumamosi, wiki nane kwa shilingi laki moja na themanini. Mimi nauza vitenge sokoni, baba yake ni dereva; pesa hiyo tutaipata lakini itauma. Jumamosi hiyohiyo ana tuisheni ya hesabu na Kiingereza. Nyumbani hatuna kompyuta, tuna simujanja moja, yangu. Bibi yake anasema ufundi si wa mtoto wa kike, na kwamba mtihani utamshinda akiendekeza mambo hayo. Je, nimpeleke? Nisipompeleka nitakuwa nimemchelewesha? Na kuna chochote ninachoweza kufanya mwenyewe, mimi niliyeishia kidato cha pili na sayansi niliifeli?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Swali la ada nitalijibu, lakini nianze na ile chaja, maana hilo haliwezi kusubiri Jumamosi.

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Unaua mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka kumi mwenye bisibisi ya chuma mkononi. Wazazi wengi wanadhani kitu kikishachomolewa hatari imekwisha. Haijaisha. Ndani ya chaja kuna kifaa kidogo mfano wa pipa, mafundi wanakiita kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme, na kinaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa. Kwenye televisheni za zamani, zile za chogo, umeme unaoweza kubaki nyuma ya kioo ni wa maelfu ya volti. Maikrowevu ndiyo usiseme, hata mafundi wazoefu huifungua kwa hadhari. Kwa hiyo mpe binti yako sheria moja fupi ambayo ataikumbuka hata ukiwa sokoni: kinachotumia mawe ya tochi, ruksa kukifungua, kinachochomekwa ukutani, marufuku, hata kiwe kibovu, hata kiwe kimekaa stoo mwaka mzima. Ongeza na betri ya simu. Haitobolewi, haikunjwi, haigongwi nyundo, kwa sababu ikichanika inaweza kulipuka moto na kutoa moshi wenye sumu.

Na kama ana mdogo wake nyumbani, zile betri bapa kama kifungo cha shati, za saa na za rimoti ndogo, ziwekwe mbali kabisa. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Hiyo ni safari ya hospitali dakika ileile, bila kumtapisha na bila kusubiri aanze kulia.

Kuhusu kumchapa, mrudie. Mwambie hivi: "Nilikuchapa kwa sababu niliogopa utakufa." Kisha mpe hiyo sheria, na siku hiyohiyo mpe redio mbovu ya mawe aifungue mbele yako. Mtoto anayependa kufungua vitu, akipigwa bila kuelezwa, haachi. Anajifunza kufungua akiwa amejificha, na huko mafichoni ndiko ajali zinakotokea.

Sasa tuje kwenye roboti.

Nikiitazama vizuri barua yako, chini ya maswali yote kuna hofu moja: kwamba sayansi imekaa mahali fulani, kwenye chumba chenye kompyuta na viti vya rangi, na kila Jumamosi ambayo binti yako hayupo pale, wenzake wanazidi kumwacha. Naielewa hofu hiyo. Lakini umri wa miaka kumi haujachelewa kwa lolote katika mambo haya. Nimepokea watoto wa kidato cha kwanza ambao hawakuwahi kushika kipanya cha kompyuta, na baada ya miezi michache huwezi kuwatofautisha na waliozaliwa nayo nyumbani. Kompyuta hufidika haraka. Kilicho kigumu kukifidia ni ile tabia ya kujiuliza "mbona imekuwa hivi?" kisha kujaribu. Wengi wanakuja kwangu tabia hiyo ikiwa imeshazimwa, na kuiwasha upya ni kazi ya mwaka mzima. Binti yako anayo, inawaka.

Acha nikuonyeshe ninachomaanisha. Kwenye kikundi changu cha Jumamosi huwa nawapa watoto jiwe moja la tochi, vipande viwili vya waya, na taa ndogo nyeupe ya LED iliyotolewa kwenye tochi iliyokufa. Nawaambia tu: iwasheni. Mtoto anagusisha waya huku na huku. Haiwaki. Karibu wote wanasema neno moja: "Mbovu." Simkatalii. Namuuliza, "Umejuaje?" Anageuza taa, mguu huu huku, mguu ule kule. Haiwaki. Anaazima jiwe la mwenzake, anayapanga mawili mkia kwa kichwa. Haiwaki. Anageuza taa tena, safari hii nusu kwa kukata tamaa, na mwanga unamchoma machoni. Hapo ndipo utasikia kelele mpaka jirani anachungulia.

Kilichotokea ni hiki. Jiwe moja la tochi lina volti moja na nusu, na taa nyeupe ya LED inahitaji karibu volti tatu ndipo iwake. Jiwe moja halitoshi, hata uligeuze vipi. Halafu LED inapitisha umeme upande mmoja tu, kama vali ya tairi la baiskeli inavyoruhusu upepo uingie na kuuzuia usitoke. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja, na kila alipotengeneza moja, la pili lilimficha. Ilibidi yote mawili yawe sawa ndipo ipate kuwaka. Ningeweza kumweleza haya ubaoni kwa dakika mbili, angeyanakili vizuri na wiki ijayo yangekuwa yamefutika. Lakini kwa kuwa alitabiri, akakosea, akabadilisha kitu kimoja, akaona, hayatoki tena. Ubongo hulishika jibu kwa nguvu zaidi pale ulipokuwa umeshajiwekea jibu lingine na ukashangazwa. Huo mshangao ndio gundi yenyewe.

Ukitaka kulifanya hili nyumbani, tumia taa nyeupe ya tochi na mawe mawili ya kawaida. Usitumie betri ya mraba ya volti tisa, itaiunguza taa mara moja. Na kama mtoto ameiunguza, basi naye amejifunza jambo. Bei yake ni ndogo.

Nimekueleza kwa urefu kwa sababu sasa unacho kipimo cha kukipimia kile kituo. Roboti ni kifaa kizuri sana cha kumpa mtoto mzunguko huo wa kutabiri, kukosea na kurekebisha. Anaiamuru igeuke kushoto, inagonga ukuta, anarudi kwenye maagizo yake kutafuta alipokosea. Anapata pia wenzake wa kushindana na kusaidiana nao, jambo ambalo nyumbani halipo, na kwa mtoto wa kike anayeambiwa haya si mambo yake, kukutana na wasichana wengine watatu wenye bisibisi mkononi kuna thamani ambayo siwezi kuipigia hesabu. Kituo kizuri kinastahili hiyo pesa.

Shida ni kwamba vituo vingi vinauza roboti bila huo mzunguko. Nimewahi kukaa kwenye darasa moja, halitajwi, ambapo watoto kumi na wawili walizunguka meza yenye roboti moja. Mwalimu alionyesha kurasa za kufuata: chomeka hapa, bonyeza pale. Roboti ilipokwama, mwalimu aliichukua, akawapa mgongo, akaitengeneza, akairudisha ikitembea. Watoto walipiga makofi. Mwisho walipiga picha na vyeti. Nilimuuliza mmoja wao, mvulana mchangamfu tu, kwa nini roboti inasimama ikikaribia ukuta. Akaniambia, "Kwa sababu ni ya kisasa." Wazazi wa mtoto huyu walilipa, na walilipa wakiwa na nia njema kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, omba ukae kipindi kizima kimoja, nyuma ya darasa. Kituo kikikukatalia, umeshapata jibu. Ukikubaliwa, tazama mikono. Nani ameshika kifaa, na kwa muda gani? Watoto wawili au watatu kwa kifaa kimoja ni sawa. Wakizidi wanne, wengine ni watazamaji. Kisha subiri kitu kiharibike, maana lazima kitaharibika, na uangalie mwalimu anafanya nini. Yule anayerudisha mikono nyuma na kuuliza "sasa tuangalie nini kwanza?" ndiye unayemtafuta. Wakati wa kutoka, muulize mtoto yeyote, mwalimu asiwepo karibu, akueleze kitu alichotengeneza kinafanyaje kazi. Usimuulize kama amefurahi. Watoto hufurahia hata keki.

Uliza pia kama wanaruhusu mtoto alipiwe wiki mbili kwanza, na kama kuna nafasi za punguzo. Vituo vingi huzitoa lakini havizitangazi. Na uliza jambo ambalo wazazi wengi wanaona haya kuliuliza: watu wazima wangapi wanakuwepo muda wote, na mlango unakuwa wazi? Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja kwenye chumba kilichofungwa, hata awe mwalimu mwenye sifa nchi nzima. Anayekereka kwa swali hilo, usimwachie mwanao.

Kama kituo kikipita mitihani hiyo, mpeleke wiki nane, msikope. Kisipopita, hujapoteza kitu kwa kuacha.

Sasa hii tuisheni. Bibi anaogopa sayansi ya nje itakula masomo, na sitamdharau, maana mtoto ana saa zilezile ishirini na nne. Lakini hesabu ninayokuomba uipige ni ya usingizi. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili kwa usiku. Kama anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule, ilibidi awe amelala saa mbili usiku. Ukimwongezea darasa la roboti juu ya shule, juu ya tuisheni ya masomo mawili, juu ya kazi za nyumbani, utapata mtoto anayesinzia kote. Ushauri wangu ni mbadilishane, msiongeze. Mwone mwalimu wa tuisheni, muulize ni somo gani hasa binti yako amebaki nyuma. Mara nyingi utakuta ni moja tu. Mwache aendelee na hilo, lile lingine lipishe nafasi.

Siwezi kukuahidi kwamba atapanda alama za mtihani kwa sababu ya waya na mawe ya tochi. Ninachoweza kusema kwa miaka kumi na minne ya kufundisha fizikia ni kwamba mtoto aliyewahi kuwasha taa kwa mikono yake akifika kwenye sura ya umeme anakuwa na picha kichwani, na mwenzake anakariri. Kukariri nako kunafaulisha, tuseme ukweli. Ila kunachosha, na hakukai.

Umesema huna kompyuta. Kwa miezi hii ya mwanzo huihitaji. Kuandika programu ni kutoa maagizo kwa mpangilio kwa kitu kisichoweza kukisia unachotaka, na hilo linachezeka jikoni. Mwambie binti yako akuongoze kupika chai, na wewe ufanye kile tu anachosema, neno kwa neno. Akisema "weka majani," weka paketi nzima kando ya sufuria. Atacheka, atasema "hapana, ndani!" Mwambie arudie agizo. Akisema "mimina sukari," mimina mpaka aseme simama. Baada ya nusu saa ataanza mwenyewe kusema "chota kijiko kimoja, mimina ndani ya sufuria, rudia mara mbili." Hiyo "rudia mara mbili" ndiyo ileile anayoiandika mwandishi wa programu. Sukari kidogo itapotea, ndiyo.

Akishaizoea michezo hiyo, itafute Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu. Ilitengenezwa chuo cha MIT cha Marekani na kutolewa mwaka 2007, ni ya bure, inalenga watoto wa miaka minane hadi kumi na sita, ina Kiswahili ndani yake, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando. Mtoto hapangi herufi bali vipande vya rangi vinavyoshikana kama matofali. Kwenye simu inasumbua, kioo ni kidogo. Afadhali saa mbili kwa wiki kwenye kompyuta ya shuleni, ya mjomba, au ya ofisi rafiki, kuliko kila siku kwenye simu yako. Kuhusu video, zipo nzuri, na kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kinazungumza na watoto wetu kwa Kiswahili chao. Mtazame pamoja, na kabla jibu halijaonyeshwa sitisha video, umuulize, "Wewe unadhani itakuwaje?" Bila hilo, video ya sayansi ni katuni tu. Na akaunti yoyote iwe kwa jina lako, asizungumze na mtu asiyemjua humo.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa: wewe uliyefeli sayansi, unaweza nini? Dada yangu, kwa mtoto wa miaka kumi mzazi asiyejua jibu ana faida moja kubwa: hawezi kumwahi kwa jibu. Mimi najua mno, ulimi wangu unawasha, mara nyingi naharibu. Wewe utakaa kimya kwa sababu kweli hujui, na ukimya huo ndio nafasi yake ya kufikiri.

Jaribuni hili, halina gharama. Jumapili moja yenye jua, simamisheni kijiti wima uwanjani kwenye udongo tambarare. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi mpaka saa saba na nusu mchana, kila baada ya dakika kumi aweke kokoto pale kivuli cha ncha kinapoishia. Kabla ya kuanza, aandike: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Ataandika saa sita kamili. Wewe pia utaandika saa sita kamili, na hata walimu wengi wataandika hivyo, maana tumeambiwa tangu utoto kwamba saa sita jua liko utosini. Lakini kokoto zitawaambia lingine. Hapo Morogoro kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili siku yoyote ya mwaka. Kinatokea kama nusu saa baadaye. Mwezi wa Novemba mapema kidogo, kama saa sita na robo, na Februari kinakawia hadi saa sita na dakika arobaini hivi.

Sababu yake inapendeza. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi (digrii) 45 mashariki, unaopita kisiwa cha Madagaska. Morogoro iko karibu nyuzi 37.7, yaani magharibi ya mstari huo kwa nyuzi saba na kitu. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo jua linawafikia utosini kama dakika 29 baada ya kuufikia ule mstari. Zile dakika chache zinazoyumba mwezi kwa mwezi zinatokana na kuinama kwa dunia na njia yake kulizunguka jua isiyo duara kamili. Na kuna zawadi nyingine: mara mbili kwa mwaka, siku za kuizunguka tarehe 10 Oktoba na tena tarehe 3 Machi, jua linapita juu yenu wima kabisa na kivuli cha kijiti kinatoweka. Dar es Salaam pia, kwa kuwa iko karibu usawa uleule. Mpangie binti yako miadi na siku hizo. Sijaona mtoto aliyekiona kivuli chake kikiingia chini ya miguu akakisahau.

Mpe daftari la mambo hayo peke yake, lisichanganywe na ya shule. Juu ya ukurasa "Nadhani", chini "Nimeona". Mvua za masika zikianza anaweza kupima mvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Milimita moja kwenye kopo ni sawa na lita moja iliyomwagika kwenye kila mita mraba ya uwanja wenu. Mwache apige hesabu paa lenu limepokea ndoo ngapi. Huyo atakuwa anafanya hesabu bila tuisheni.

Msimulie pia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanaweka sukari, wanasubiri yapoe ndipo waweke kwenye friza. Siku moja nafasi zilikuwa chache, Mpemba akawahi kuyaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Ikawa kila akikosea wenzake wanasema hiyo ndiyo fizikia ya Mpemba. Hakuacha. Alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lilelile. Osborne hakucheka. Alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana lini jambo hilo linatokea na kwa nini, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Hakuwa maabara. Alikuwa anagombea nafasi kwenye friza. Na baadaye hakuwa mwanafizikia, alifanya kazi ya wanyamapori, kwa hiyo usijisumbue sasa kuuliza binti yako atakuwa injinia au nani.

Nje ya nyumbani, tafuta kwanza fundi redio wa mtaani mwenye kibanda kilicho wazi barabarani na subira ya watoto. Zungumza naye wewe mwenyewe, umwombe binti akae saa moja Jumamosi anatazama na kupanga skrubu, nawe uwe unamwona. Akianza kushika risasi ya kulehemu, kuwe na hewa, asile chochote mpaka anawe mikono kwa sabuni. Viwanja vya Nanenane hapo kwenu mnavyo, na Chuo Kikuu cha Sokoine mnacho; watafiti wa udongo na wadudu wanapenda mtoto mwenye maswali kuliko mgeni rasmi. Mkipata nauli ya likizo, Tanga kuna STEM Park, bustani ya sayansi na teknolojia iliyojengwa kwa ajili ya watoto kushika na kujaribu. Na tangu Juni 2024 treni ya SGR inawafikisha Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Makumbusho ya Taifa kuna mambo ya siku nzima. Akifika sekondari, mwulizie mwalimu wake wa sayansi kuhusu Young Scientists Tanzania, ambako wanafunzi wanapeleka tafiti zao wenyewe. Wasomaji wa Kenya wanayo Young Scientists Kenya.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Akipigwa shoti, hata akisema hajambo, mpeleke kituo cha afya, hasa kama alipoteza fahamu, moyo unamwenda mbio au ana alama ya kuungua. Na ukimkuta bado ameshikwa na umeme usimguse, zima kwanza swichi kuu. Ukiona anasogeza vitu vidogo karibu sana na macho, apimwe macho kabla hujamwita mzembe. Na kama shughuli za mikono anaziweza vizuri lakini kusoma sentensi fupi kunamtoa jasho, kaa na mwalimu wake wa darasa ana kwa ana, uombe apimwe kusoma. Mara nyingi tuisheni inalipiwa miaka kufunika tatizo ambalo mtu mmoja anayejua angeligundua kwa nusu saa.

Imebaki bibi. Usibishane naye. Mpelekee mjukuu wake akajifunze togwa. Mwambie binti aombe uji mzito wa moto na unga wa kimea cha ulezi, na achukue bakuli tatu. La kwanza ni uji mtupu. La pili, uji ukishapoa kiasi cha kuweza kutia kidole bila kuungua, akoroge kijiko cha kimea. La tatu atie kimea ambacho kwanza kimechemshwa vizuri kwenye maji kidogo. Aandike kwanza anachodhani, kisha atazame saa. Ndani ya dakika chache bakuli la pili litalegea na kuwa jepesi, na likikaa zaidi utamu utaanza kusikika, kwa sababu ndani ya mbegu iliyochipua mna vimeng'enya vinavyokata minyororo ya wanga kuwa vipande vidogo na sukari. La tatu litabaki zito karibu kama la kwanza, kwa kuwa moto umeviua vimeng'enya hivyo. Bibi yake amejua miaka yote kwamba kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota. Binti amuulize alijuaje, na jibu aliandike kwenye daftari, upande wa "Nimeona".